Kusawazisha saa za vifaa vinavyowasiliana kwa redio

Chukua vifaa viwili vya aina moja, vya toleo moja, uvipe saa ileile kwa dakika ileile. Ukivirudia kesho utakuta kimoja kimekitangulia kingine, pengine kwa sekunde tatu. Hakuna kilichoharibika. Ndivyo saa za kawaida zilivyo, na redio inayoviunganisha haisaidii sana, maana nayo huukawiza ujumbe kwa muda usiotabirika.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza au kutunza vifaa vidogo vyenye redio, kama vihisi, virekodi data na vidhibiti mitambo, na anataka vyote vikubaliane kuhusu lini jambo fulani lilitokea. Msimamo wangu nauweka mbele ili ujue ninakoelekea: saa ya kifaa usiiguse. Iache ikimbie inavyokimbia. Jifunze inakosea kwa kiasi gani, kisha fanya hesabu ya kugeuza saa yake iwe saa ya mtandao. Wanaohangaika na kazi hii mara nyingi ni wale wanaosogeza mishale kila baada ya dakika chache bila kuuliza kwa nini inahama.

Hatua ya 1: Taja usahihi unaoutaka, kwa namba

Anayeandika joto la chumba kila baada ya dakika tano anatosheka na sekunde moja. Anayetaka kujua mlio umetoka upande gani kwa kutumia maikrofoni kadhaa anahitaji zaidi: katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo kosa la milisekunde 1 ni kosa la sentimita 34. Vifaa vinavyogawana masafa kwa zamu, kila kimoja kikiwa na kipindi chake cha kuongea, huhitaji mamia au makumi ya mikrosekunde. Na anayetaka kupima umbali kwa mawimbi ya redio yenyewe yuko katika ulimwengu wa nanosekunde, ambamo nanosekunde 1 ni sentimita 30. Huyo anahitaji chipu zilizoundwa kwa kazi hiyo. Hesabu za hapa hazitamfikisha.

Andika namba yako mahali utakapoiona. Watu wengi hudai mikrosekunde kwa sababu zinapendeza kutajwa, kisha wanalipia betri na miezi ya kazi kwa usahihi ambao data yao haiutumii.

Jiulize pia kama unahitaji tarehe na saa halisi ya dunia, au unataka tu vifaa vikubaliane vyenyewe kwa vyenyewe. Haya ni mambo mawili tofauti. La pili ni rahisi zaidi, na mara nyingi linatosha.

Hatua ya 2: Ijue kristali yako

Kila bodi ina kristali, kipande kidogo kinachotetemeka kwa kasi inayojulikana. Ile ya saa hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kwa hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja kwa sekunde. Karatasi ya maelezo itakutajia kosa lake kwa sehemu kwa milioni, yaani ppm. Kosa la ±20 ppm ni la kawaida kabisa: mikrosekunde 20 kila sekunde, sekunde 1.73 kwa siku. Vifaa viwili vinavyokosea kuelekea pande tofauti huachana kwa 40 ppm, karibu sekunde 3.5 kwa siku. Haba na haba, lakini kwa redio inayolala na kuamka kwa zamu, haba hiyo inatosha kukosa miadi.

Joto nalo lina mkono wake. Kristali za 32,768 Hz hukimbia kuliko wakati wowote zikiwa karibu na nyuzi 25. Zikipata moto au zikipoa, hupunguza kasi. Ili kukadiria, chukua tofauti ya joto kutoka nyuzi 25, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.034. Kwenye nyuzi 45 tofauti ni 20, yenyewe kwa yenyewe ni 400, kwa hiyo saa inachelewa kwa 13.6 ppm zaidi. Kwenye nyuzi 5 ni vivyo hivyo. Kifaa kilichowekwa juani na mwenzake aliye kivulini vitaachana mchana na kurudiana kimwendo usiku, na grafu yako itaonyesha wimbi la saa 24.

Kagua jambo jingine kabla ya kuendelea: bodi yako inatumia saa gani inapolala? Bodi nyingi zikilala huhamia kwenye saa ya ndani isiyo na kristali, yenye kosa la asilimia nzima au zaidi. Asilimia 1 ni ppm 10,000. Ukilala dakika kumi unaamka umepotea sekunde sita. Hakuna itifaki itakayokuokoa hapo. Weka kristali ya nje, au chipu ya saa inayojifidia joto kama DS3231, ambayo hukaa ndani ya ±2 ppm kati ya nyuzi 0 na 40.

Hatua ya 3: Chagua mwenye saa

Lazima mmoja awe ndiye anayefuatwa. Una njia tatu, na unaweza kuzichanganya.

Ya kwanza ni kipokezi cha GPS chenye pini ya PPS, ile inayotoa pigo moja kila sekunde. Ukingo wa pigo hilo huwa sahihi kwa makumi ya nanosekunde. Maandishi yanayotoka kwenye waya wa data huja baadaye, wakati mwingine baada ya mamia ya milisekunde, na yanaeleza pigo ambalo limeshapita. Kwa hiyo pigo ndilo linalokuambia sekunde imeanza. Maandishi yanakuambia tu ni sekunde ipi. Anayeitazama saa ya maandishi peke yake anabeba ucheleweshaji wote huo bila kujua. Ujue pia kwamba saa ya ndani ya GPS, iliyoanza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980, iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017. Kipokezi kilichowashwa sasa hivi kinaweza kukupa tofauti ya zamani hadi kitakapopokea ujumbe kamili wa setilaiti, na ujumbe huo huchukua dakika 12.5. Usikiamini upesi.

Ya pili ni NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, ikiwa una lango (kifaa kinachounganisha vifaa vyako na nje) lililounganishwa na intaneti. Tarajia milisekunde chache hadi makumi, kutegemea njia. Kwenye lango linalotumia Linux ninapendelea programu ya chrony, kwa kuwa inastahimili mtandao unaokatika. Mistari mitatu ya mipangilio inatosha kuanzia:

makestep 1.0 3
local stratum 10
allow 192.168.1.0/24

Wa kwanza unairuhusu saa iruke endapo kosa limezidi sekunde moja, lakini katika masahihisho matatu ya mwanzo tu. Wa pili unaliruhusu lango liendelee kutoa saa kwa vifaa hata intaneti ikikatika. Wa tatu unataja vifaa vinavyoruhusiwa kuuliza. Weka anwani za mtandao wako. Juu ya hiyo ongeza mistari ya seva utakazozifuata, kisha andika chronyc tracking uone hali.

Ya tatu ni kukiteua kifaa kimoja na kusema: saa yako ndiyo saa yetu, hata kama inakosea kwa dunia. Kwa vifaa vinavyohitaji kukubaliana tu, hii ndiyo ninayoipendekeza. Saa ya mtandao inakuwa ni kaunta ya mikrosekunde tangu kiongozi alipowashwa. Tarehe ya kalenda inaongezwa langoni, mahali pamoja. Masuala ya kanda za saa na sekunde za nyongeza yanabaki huko huko, hayaingii kwenye vifaa vidogo.

Kabla hujaandika mstari wowote wa programu, angalia kama redio yako haijakufanyia kazi tayari. Vifaa vyote vilivyoungwa kwenye kituo kimoja cha Wi-Fi vina kaunta ya pamoja iitwayo TSF, yenye biti 64, inayohesabu mikrosekunde na kusahihishwa na kila tangazo la kituo, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 102.4. Chipu kadhaa hukuruhusu kuisoma. Ukiweza, soma kaunta hiyo pamoja na saa yako ya ndani kwa wakati mmoja, na nusu ya safari imekwisha. Angalizo ni moja: kituo kikizimwa na kuwashwa, TSF huanza tena kutoka sifuri.

Hatua ya 4: Piga mhuri karibu na antena

Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Ujumbe unapotoka kwenye programu yako hadi kwenye programu ya upande wa pili, hupitia vituo kadhaa vya kungoja. Kwanza programu inauandaa na kuukabidhi kwa redio. Prosesa ikiwa na shughuli nyingine, ujumbe unasubiri. Kisha redio inasikiliza kama masafa yako wazi, na yakiwa na kelele inarudi nyuma kwa muda wa kubahatisha. Halafu ujumbe unaruka hewani, safari inayochukua mikrosekunde 1 kwa kila mita 300, ambayo kwa mitandao mingi ni kitu cha kusahau. Mwishowe upande wa pili redio inaupokea, inaiita prosesa, na programu inausoma inapopata nafasi.

Safari ya hewani ndiyo fupi na thabiti. Kungoja masafa ndiko kubaya kuliko vyote, kwa sababu kunaweza kuwa mikrosekunde mia leo na milisekunde thelathini baadaye kidogo. Ukisoma saa ndani ya programu, ukaiandika kwenye ujumbe, kisha ukauita mwito wa kutuma, umeandika wakati wa kuingia kwenye foleni. Mhuri, yaani alama ya wakati, unaoutaka ni wa wakati ujumbe ulipotoka kwenye antena.

Tafuta basi tukio la redio lililo karibu zaidi na antena, ambalo pande zote mbili zinaliona. Kwenye redio za 802.15.4, kiwango cha redio za umeme mdogo, kuna alama ya mwanzo wa fremu; chipu nyingi huweza kuinua pini alama hiyo inapopita, kwa mtumaji na kwa mpokeaji. Unganisha pini hiyo na kipima muda cha maunzi, kile kinachonakili kaunta chenyewe bila kuisubiri prosesa, na utakuwa umeondoa karibu ucheleweshaji wote. Kama kipima muda hicho hakipo, tumia interapti, yaani mwito unaoikatiza prosesa, na ndani yake jambo la kwanza kabisa liwe kusoma kaunta. Usichapishe maandishi mle, wala usitafute ni pakiti ya nani. Nakili namba, ondoka.

Kwa redio za LoRa, zile za masafa marefu, utapata ishara mbili: ya mtumaji kumaliza kutuma na ya mpokeaji kumaliza kupokea. Zote hutokea mwishoni mwa pakiti, kwa hiyo muda mrefu wa pakiti hewani haukusumbui. Na ni mrefu kweli: alama moja tu kwa SF12 (SF ni kiwango cha kuitandaza ishara) na upana wa 125 kHz ni milisekunde 32.768, wakati kwa SF7 ni milisekunde 1.024. Mpokeaji huchelewa kidogo kutoa ishara yake, lakini ucheleweshaji huo haubadilikibadiliki maadamu hujagusa SF wala upana. Upime mara moja, uutoe.

Utaniuliza: kama mhuri unapatikana baada ya ujumbe kuondoka, nitauandikaje ndani ya ujumbe huohuo? Huuandiki. Tuma ujumbe wa kwanza ukiwa na namba ya mfululizo tu, pokea mhuri halisi kutoka kwa redio yako, kisha tuma ujumbe wa pili unaosema: ule namba 57 uliondoka kwenye saa yangu ilipokuwa hivi. Ujumbe wa pili unaweza kuchelewa utakavyo, hauna haraka. Itifaki ya PTP, yaani kiwango cha IEEE 1588, hutumia mbinu hii kwenye nyaya, nayo inafaa vilevile hewani.

Kwa wanaotumia Wi-Fi kuna mitego miwili zaidi. Ujumbe unaotumwa kwa kifaa kimoja hurudiwa usipothibitishwa, na mhuri ulioandikwa mwanzoni haubadiliki hata ukirudiwa mara nne. Tangazo la kwenda kwa wote halirudiwi, kwa hiyo tumia tangazo. Lakini kama kuna kifaa chochote kwenye kituo hicho kilicho katika hali ya kuokoa umeme, kituo huyashikilia matangazo hadi zamu ya kuyatoa ifike. Zima hali hiyo kwenye vifaa vyote, au mihuri ichukuliwe nje ya kituo, kifaa kwa kifaa.

Hatua ya 5: Badilishaneni mihuri

Namna nyepesi ni ya upande mmoja: kiongozi anatangaza, wengine wanasikiliza na kulinganisha. Kama mihuri yako imepigwa karibu na antena, na vifaa viko ndani ya mamia ya mita, hii inatosha kabisa, tena tangazo moja linahudumia vifaa hamsini kwa bei ya kimoja.

Kama mihuri yako inapigwa mbali na antena, au umbali ni mkubwa, tumia namna ya kwenda na kurudi. Kifaa A kinatuma kwenye saa yake T1. B inapokea kwenye saa yake T2. B inajibu kwenye T3. A inapokea jibu kwenye T4. Kisha:

tofauti ya saa = ((T2 − T1) + (T3 − T4)) ÷ 2
ucheleweshaji wa njia = ((T4 − T1) − (T3 − T2)) ÷ 2

Tuseme T1 ni 5,000,000, T2 ni 5,002,730, T3 ni 5,010,000 na T4 ni 5,007,730, zote kwa mikrosekunde. Mabano ya kwanza ni 2,730, ya pili ni 2,270. Jumla yake gawa kwa mbili unapata 2,500. Saa ya B iko mbele kwa mikrosekunde 2,500. Ucheleweshaji ni 7,730 toa 7,270, gawa kwa mbili: mikrosekunde 230.

Hesabu hii inadhani kwamba kwenda na kurudi vinachukua muda sawa. Ikiwa kwenda ni 230 na kurudi ni 1,030, jibu litakosea kwa nusu ya tofauti hiyo, mikrosekunde 400, na hakuna kitu ndani ya namba zenyewe kitakachokuonya. Dawa yake ni kufanya mabadilishano kadhaa na kuuchagua ule wenye ucheleweshaji mdogo kuliko yote, kwa kuwa ndio ambao haukukutana na foleni. NTP hufanya hivyo: hutunza sampuli nane za mwisho na kuipendelea ile yenye ucheleweshaji mdogo. Usichukue wastani. Foleni huongeza muda, haipunguzi kamwe, kwa hiyo wastani unavutwa upande mmoja.

Hatua ya 6: Pima mwendo, usiishie kwenye tofauti

Tuseme umechukua tofauti kila baada ya sekunde 30 na kupata 2,500, 3,162, 3,819 na 4,481. Mtu wa haraka angesogeza saa kila mara na kuridhika. Lakini tazama: katika sekunde 90 tofauti imekua kwa 1,981, yaani mikrosekunde 22 kwa kila sekunde. Hiyo ndiyo habari kubwa. Saa ya B inakimbia kwa 22 ppm kuliko ya A, na itaendelea hivyo joto lisipobadilika.

Ukisahihisha tofauti tu kisha ukanyamaza dakika kumi, utakuwa umepotea mikrosekunde 13,200. Ukiujua mwendo na ukabaki na kosa la 1 ppm, dakika kumi zilezile zitakupoteza mikrosekunde 600. Umepata usahihi mara ishirini na zaidi bila kutuma ujumbe wowote wa ziada.

Ili kupata mwendo kwa uthabiti, tunza jozi kama nane za mwisho za saa yangu na saa ya kiongozi, na upitishe mstari ulionyooka katikati yake kwa njia ya miraba midogo kabisa. Hesabu ni ya kuzidisha na kujumlisha, hata prosesa ndogo inaiweza. FTSP, itifaki ya vihisi iliyochapishwa mwaka 2004, ilifanya hivyo pamoja na kupiga mihuri karibu na antena, ikapata kosa la wastani la mikrosekunde 1.5 katika kiungo kimoja (kifaa hadi jirani yake) kwenye redio za wakati ule.

Je, sampuli zitandazwe kwa muda gani? Ikiwa mihuri yako inatikisika kwa mikrosekunde 5 kila upande, dirisha la sekunde 10 linaweza kukupa kosa la mwendo la hadi 1 ppm. Dirisha la sekunde 100 linakupa 0.1. Dirisha refu ni bora hadi pale joto linapobadilika ndani yake, hapo mstari unakuwa upinde na makadirio yanakawia. Kwa kifaa cha ndani, dakika tano hadi kumi ni sawa. Kwa kifaa kilicho juani, punguza.

Sampuli ikitoka mbali na mstari, itupe. Zikitoka mbali nyingi mfululizo, tupa mstari uanze upya, kwa sababu inawezekana kiongozi amewashwa upya. Kanuni hii pia inakulinda kidogo na mtu anayerusha matangazo ya uongo, ingawa kinga ya kweli ni kutia saini jumbe zenyewe.

Hatua ya 7: Geuza, usisogeze

Sasa una vitu vitatu: m, saa yako ya ndani wakati wa kipimo, b, saa ya mtandao wakati huohuo, na k, kosa la mwendo. Kila unapohitaji saa ya mtandao:

saa ya mtandao = b + (saa yangu − m) × (1 + k)

Kwa mfano wetu, B inakimbia, kwa hiyo k ni −0.000022. Kaunta ya ndani haijaguswa. Vipima muda, ratiba za kulala na kila kilichojengwa juu yake vinaendelea bila mshtuko.

Kuna makosa mawili ya hesabu yanayojificha humu. Namba za desimali za biti 32 hushika biti 24 tu za usahihi, yaani hadi 16,777,216. Ukihesabu mikrosekunde kwa namba hizo, baada ya sekunde 16.8 unaanza kupoteza tarakimu. Toa kwanza kwa namba kamili, kisha zidisha tofauti ndogo iliyobaki kwa k peke yake, na ujumlishe. La pili ni kaunta ya biti 32 ya mikrosekunde, ambayo hujaa na kurudi sifuri kila baada ya dakika 71.6. Kutoa kwa namba zisizo na alama hulivuka tukio hilo salama. Kulinganisha kwa “kubwa kuliko” hakulivuki.

Makadirio mapya yakikuambia kwamba umetangulia, usiache saa ya mtandao irudi nyuma. Rekodi mbili zitapinduka mpangilio, na kipima muda kinaweza kupiga mara mbili. Punguza mwendo kidogo hadi saa zikutane. Kurukia saa mpya kufanyike mara moja tu, kifaa kinapoingia mtandaoni.

Hatua ya 8: Mtandao wenye viungo vingi

Kifaa kisichomsikia kiongozi kinamfuata jirani aliyekwisha kusawazishwa. Kila tangazo libebe kitambulisho cha kiongozi na namba ya mfululizo, na kila kifaa kilipokee tangazo jipya mara moja tu, ama sivyo habari ya zamani itazunguka na kurudi kama mpya. Kifaa kisianze kutangaza hadi kiwe na sampuli za kutosha za kupata mwendo wake; kinachotangaza mapema huwaambukiza wote walio nyuma yake.

Kiongozi akinyamaza kwa vipindi kadhaa, achukue nafasi mwenye kitambulisho kidogo zaidi, naye aendeleze saa ileile aliyokuwa akiikadiria. Kwa kuwa anaujua mwendo wa aliyeondoka, wengine hawatahisi mabadiliko.

Hatua ya 9: Panga mara ngapi

Gawa kosa unaloliruhusu kwa mwendo uliobaki. Ukiruhusu mikrosekunde 500 na mwendo uliobaki ni 2 ppm, unaweza kukaa sekunde 250 bila kuongea. Chukua nusu yake, kwa kuwa tangazo moja linaweza kupotea.

Betri inalipwa hapa. Mpokeaji anayeamka kusikiliza kila dakika, saa zake zikiachana kwa 40 ppm, lazima afungue sikio mikrosekunde 2,400 kabla na asubiri 2,400 baada. Akishaujua mwendo na kubaki na 2 ppm, anahitaji 120 kabla na 120 baada. Redio inayosikiliza bure inakula umeme sawa na inayosikiliza kitu, kwa hiyo dirisha limepungua mara ishirini na malipo yamepungua nalo.

Hatua ya 10: Thibitisha kwa kitu kisichotegemea programu yako

Usikubali kifaa kijisifu. Kila kifaa kipandishe pini sekunde nzima ya saa ya mtandao inapofika, na pini zote uzifunge kwenye osiloskopu au kichambuzi mantiki, chombo kinachoonyesha mipigo ya umeme kwa muda. Umbali kati ya kingo ndilo kosa lako halisi.

Kama huna chombo hicho, au vifaa viko mbali, tumia redio nyingine isiyohusika itume pakiti fupi yenye namba. Vifaa vyote vinaisikia karibu papo hapo. Kila kimoja kiandike saa ya mtandao kilipoipokea, nawe ulinganishe. Kungoja kwa mtumaji hakuhesabiki hapo, kwa sababu wote wanapokea tukio moja.

Endesha jaribio kwa siku nzima, ukipashe moto kifaa kimoja na kingine ukiache, kisha chora kosa dhidi ya muda. Meno ya msumeno maana yake unasahihisha tofauti tu na mwendo haujaguswa. Mstari unaopanda bila kurudi: huenda alama ya k imegeuzwa. Mstari ulionyooka lakini ulio juu ya sifuri: kwenda na kurudi havilingani, au kuna ucheleweshaji wa kupokea hujautoa. Wimbi la saa 24 ni joto, na dawa yake ni dirisha fupi la sampuli au kristali inayojifidia. Mruko kila baada ya dakika 71 na ushei ni kaunta iliyojaa. Na ukiona miruko ya milisekunde mia moja hivi, au mafungu yake, kwenye Wi-Fi, rudi hatua ya 4 utafute kifaa ambacho bado kiko katika hali ya kuokoa umeme.